Sindano Haipiti Ubeti wa Tatu

Maskati, 14 Januari 2024

Kaka Shuaibu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baridi ya kiyoyozi cha kiwandani imeniingia kwenye vidole na mabaibui mawili yamenirudia kwa kushonwa upande. Mume wangu anakusalimu. Mama yako, Bi Mkubwa Somoe, mwambie nimemshika miguu yote miwili. Na binti yako Najma, amejifungua? Mara ya mwisho nilisikia hali kitu ila udongo.

Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu nakuandikia, unasoma, zile alama mbili zinageuka bluu, halafu kimya. Barua hii anakuletea Nasrin, jirani yangu anayekuja kwao Bagamoyo mara kwa mara na mizigo ya vitambaa. Nimemwambia asiondoke barazani kwako bila jibu. Ukimnyamazia huyo, utamlisha.

Jambo lenyewe nimelimeza tangu harusi ya Najma na sasa linanikaba. Siku ile ulipiga santuri ya marehemu mama yangu. Santuri moja tu aliyoimba maisha yake yote, na iliyobaki duniani ni hiyo uliyonayo wewe. Nikasogea kwenye gramafoni ya baba nisikie vizuri. Nikaona nini? Sarafu ya shilingi mia mbili, imebandikwa kwa utepe wa gundi juu ya kichwa cha sindano! Kaka, ile ni sauti ya mama yangu au ni shamba la mihogo, mpaka uilime? Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kisha sindano ikaruka kama iliyokanyaga kaa la moto, ikaangukia kwenye kiitikio cha mwisho. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaenda chooni kulia.

Hapa mtaa wa Matrah kuna mzee anauza vyombo vya muziki vya zamani. Nimekaa dukani kwake hadi mkewe ameanza kupita pita. Amenieleza kwamba vichwa vya sindano ni vya namna mbili. Kimoja, kama hicho cha baba, ndani kina kijiwe ambacho hakitoi sauti mpaka kibanwe, ndiyo maana kinataka uzito. Kingine ndani kina sumaku na waya mwembamba kama unywele, nacho kinataka kuguswa tu. Nakuletea hicho cha pili. Ncha yake haikuviringwa kama ya baba, ni bapa, inashuka hadi chini kabisa ya mfereji, mahali sindano yako haijawahi kufika. Kifunge, piga santuri, nirekodie ubeti wa tatu. Sikuombi kingine.

Mdogo wako,
Saida


Bagamoyo, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Saida,

Marahaba. Najma kajifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya dalali wa mnada wa samaki. Bi Mkubwa hajambo. Macho yamepungua, kofia hashoni tena, ila masikio yake, kwa bahati mbaya, ni mazima kabisa. Juzi nimefungua pipi chumbani kwangu, akauliza kutoka uani kama ipo ya pili. Nasrin amekula kwangu siku mbili na hajaonyesha dalili ya kuchoka, kwa hiyo najibu.

Umeniandikia kana kwamba mimi ni jangili wa santuri. Nimeudhika, na nimeudhika kwa utaratibu. Nilipakia gramafoni nzima kwenye bajaji nikaipeleka kwa Abdulwahab sonara, tukaishusha sindano juu ya mizani yake ya dhahabu. Abdulwahab akauliza, "Hii mahari ya nani?" Bila sarafu mkono wa gramafoni ya baba unakandamiza gramu tano. Na sarafu, kumi na tatu. Nakubali kumi na tatu ni nyingi. Hata Abdulwahab alitikisa kichwa, ingawa yeye hutikisa kichwa kwa wateja wote.

Tuje kwenye hicho kichwa chako. Kinataka gramu mbili. Saida, mimi nauza bawaba na vitasa, na mkono wa gramafoni ni bawaba tu yenye makuu. Mlango wa mninga hauwekewi bawaba ya kabati la vikombe. Mkono wa baba umeundwa kubeba kichwa kizito. Kuufungia hicho chako ni kumwita kuli wa bandarini aje abebe yai. Hata hivyo nilikifunga, usije ukasema kaka yako mbishi. Sauti iliyotoka ni ya mbu ndani ya chupa. Nikapandisha sauti hadi mwisho, mbu wakawa wawili. Nimekitoa nimekirudisha kwenye pamba yake.

Huyo mzee wa Matrah amekuuzia kitu kizuri sana cha kutazama. Gramafoni ya baba imeimba katika nyumba hii tangu sijaanza chuo cha Kurani. Haihitaji kufundishwa kuimba kutoka Maskati.

Kaka yako,
Shuaibu


Maskati, 27 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Barua yako niliisoma kabla ya magharibi, nusura nifuturu kwa hasira. Hongera ya mjukuu. Nimempelekea magauni mawili, na kanga ya Bi Mkubwa imo chini yake, asikwambie mtu kwamba ni ya mkeo.

Mbu wako nimemjua. Sumaku inatoa sauti ndogo, lazima kwanza ipite kwenye kiboksi cha kuikuza kabla ya kuingia kwenye spika. Mzee wa Matrah aliniambia, mimi nikasahau kukitia kwenye mzigo. Hilo ni kosa langu. Kuandika barua nzima ya kulicheka bila kuuliza "Saida, mbona hivi?" hilo ni lako.

Sasa nakuletea kiboksi, na nakuletea mkono mzima wenye kitako chake, maana nimekubaliana nawe kuhusu kuli na yai. Ni wa alumini. Nyuma una uzani unaouzungusha kama kizibo cha chupa, ukaongeza au ukapunguza upendavyo. Na bawaba yake, bwana bawaba, inakaa juu ya gololi ndogo kuliko punje za mtama. Ukiupulizia unatembea. Toboa ubao kando ya sahani, ufunge, mpelekee tena Abdulwahab akaupime.

Lakini kaka, nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia gramu, umeniandikia bawaba, umeniandikia mbu. Neno "ubeti" hukuliandika hata mara moja.

Nikueleze kwa nini nauliza. Mwaka jana kwenye hitima moja huku nilikaa karibu na bibi mmoja, Bi Dija, mtu wa Bagamoyo. Alikuwa mwitikiaji katika kikundi cha mama, na siku ya kurekodi alikuwepo. Akanishika kidevu akasema, "Wewe ndiye Saida? Mama yako kakutaja kwenye santuri. Ubeti wa tatu, mwanzo kabisa. Kalivuta hilo jina mpaka mpiga fidla akamtazama." Mimi mama kaniacha sijui kutembea sawasawa. Sikumbuki uso wake ila kwa picha, na picha haisemi. Kumbe mahali fulani ameniita kwa jina, na mahali hapo wewe umepawekea sarafu.

Saida


Bagamoyo, 9 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na Idi imetukuta salama. Mjukuu anatupa miguu hewani kama kaa aliyepinduliwa. Kanga imefika kwa mwenyewe, alimsikia Nasrin akiitaja toka getini.

Mkono nimeufunga. Kwa haki ya Mungu ni chombo. Nimejaribu santuri za dansi za baba, nikapiga wimbo mmoja kwa mkono wa zamani kisha kwa wako. Wa zamani unamtoa mpiga ngoma mbele, wengine wote wamesimama nyuma ya pazia. Wako unawapanga, huyu kushoto, huyu kulia, na mmoja anakohoa kabla ya kupiga tarumbeta. Miaka yote hiyo sikujua kama anakohoa. Ila wa zamani una kifua, na wako hauna kifua. Baba angesema unaimba kama mtu aliyekunywa chai bila kitafunwa.

Santuri ya mama yako, mama mdogo Sihaba, sijaipiga. Hewa ya huku ina chumvi sana miezi hii na mvua za masika hazijakatika, sindano mpya haifai kuanzishwa kwenye santuri kongwe wakati wa unyevu. Halafu kuna shamba la mikorosho Fukayosi linanihitaji. Tuvute subira.

Shuaibu


Maskati, 3 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nasrin amerudi. Anasema kila jioni baraza lako limejaa watu wamekuja kusikiliza mkono niliouleta mimi. Anasema unawapigia mpaka unawaambia nyamazeni, sikilizeni jamaa anavyokohoa. Anasema aliuliza santuri ya Bi Sihaba ipo wapi, ukamwonyesha kabati lenye kufuli, na kwamba kufuli ni jipya, limetoka dukani kwako.

Chumvi inachagua santuri?

Mimi nilikuwa nadhani ugomvi wetu ni wa sindano. Nimekaa dukani kwa watu, nimejifunza sumaku, nimejifunza gramu, mume wangu ananiita fundi. Kumbe nilikuwa nasukuma mlango ambao wewe umeuegemea kwa ndani. Una nini wewe na mama yangu? Niambie kama mtu mzima, au nyamaza kabisa, lakini usiniletee tena hali ya hewa.

Saida


Bagamoyo, 1 Julai 2024

Saida,

Marahaba. Wote wazima.

Umetaka, haya.

Wewe ulikuwa unanyonya. Baba alikuwa na zamu, siku mbili chumba cha Bi Mkubwa, siku mbili chumba cha mama yako, ua ni mmoja, na vyungu viwili. Mwanamume anakula kwa mwenye zamu yake, hilo halina mjadala hata kwa watoto. Mama yako akaenda studio na kikundi chake, akarudi na santuri, na mji mzima ukaisikia kabla Bi Mkubwa hajaisikia. Ubeti wa tatu unaanza hivi:

Saida mwanangu lala, baba yuko mlangoni,
Kule kapikiwa wali, hakuutia kinywani.

"Kule" ni kwa mama yangu, Saida. Hakuna mtu Bagamoyo aliyehitaji kuelezwa. Watoto wa chuo waliukariri ubeti huo kabla ya juzuu ya Amma. Nilikuwa nikipita wanauliza, "Shuaibu, wali wenu umelala?" Nimepigana nao mpaka mwalimu akanitandika mimi, maana wao walikuwa wengi na mkono wake ulikuwa mmoja. Bi Mkubwa hakutoka nje wakati wa ununuzi wa asubuhi kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nakwenda sokoni mimi.

Leo unaniletea sindano bapa inayoshuka hadi chini ya mfereji. Unaniambia usafi, unaniambia kila neno litatoka kama jana. Ndiyo, najua litatoka! Na chumba cha Bi Mkubwa kinapakana na sebule kwa ukuta wa udongo, na yule anasikia pipi. Sarafu niliiweka kwa nyimbo nyingine. Santuri hii inaruka yenyewe pahali pale tangu nilipoanza kuipiga mimi, nami nikamshukuru Mungu, sikuuliza kwa nini. Siku ya harusi nikaipiga kwa sababu wewe ulikuja, na kwa sababu nilijua itaruka.

Hasira zangu usizichukulie kama zako. Za kwako zina miezi. Basi jina lako hilo hapo juu, nimekuandikia kwa mkono wangu. Jitosheleze nalo.

Shuaibu


Maskati, 11 Agosti 2024

Kaka Shuaibu,

Shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi, na karatasi si rahisi huku.

Bi Dija aliacha mstari wa pili. Nilimwendea nikamuuliza. Akacheka, akafunika mdomo kwa mtandio, akasema, "Mwanangu, ilikuwa taarabu." Nikatoka bila kuaga.

Mama yako ndiye aliyenilea. Mama yangu alipokufa, Bi Mkubwa alinihamisha upande wa pili wa ua na mkeka wangu, hakungoja baba aseme. Kanisuka nywele kila Alhamisi mpaka nikaolewa. Hajanitamkia neno baya juu ya mama yangu hata siku moja, na mimi nikadhani ni kwa sababu hakuna la kusema. Nawe ulikuwa unajua, ukaniacha nije na sumaku zangu kama mjinga.

Kuandikwa jina si kuitwa, kaka. Hilo usijidanganye. Lakini kama ili mimi niitwe lazima yeye atukanwe mara ya pili, ndani ya chumba chake, katika umri huo, basi iache kabatini. Mkono ubaki nao, wapigie watu wako jamaa anayekohoa. Ila gramu usinitajie tena maishani.

Saida


Bagamoyo, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Saida,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma barazani, kwa sauti ndogo, kwa kuwa maandishi yako siku hizi yana hasira na siwezi kuyafuata kwa macho tu. Nilipofika pa nywele na Alhamisi, nikasikia toka ndani, "Rudia hapo." Nikajifanya sijasikia. "Wewe Shuaibu, rudia hapo, halafu lete hiyo santuri."

Nikamwambia kufuli limeshika kutu. Akasema, "Kufuli la mwezi wa tano?"

Nikaileta. Akakaa karibu na spika, kajifunika ile kanga yako. Nikaipiga kwa mkono wako, gramu mbili. Saida, sikudanganyi, mama mdogo aliingia chumbani. Anavuta pumzi kabla ya kila mstari, na pumzi yenyewe inasikika. Ubeti wa kwanza, wa pili, halafu tap, sindano ikaruka. Nikazungusha uzani, gramu tatu. Tap. Nikahamia mkono wa baba. Tap. Mimi mwenyewe, niliyekuwa naomba miaka yote iruke, nilikuwa nimeshika sarafu mkononi natafuta gundi, jasho linanitoka, nataka ipite. Nikabandika. Tap.

Bi Mkubwa anacheka mpaka anajishika mbavu.

"Weka na kitasa basi," akaniambia. "Haipiti hiyo. Nimeikwaruza mimi, kwa sindano yangu ya kofia. Nimekwaruza vizuri, mimi si mtu wa kazi ya nusu."

"Mama! Mwaka mzima mimi na Saida tunagombana!"

"Nawasikia. Mmemuuliza sonara, mmemuuliza Mwarabu wa Matrah, mmeuliza mpaka bawaba. Mimi nimekaa hapa ukutani. Nani kaniuliza? Mmekaa mnanilinda. Mimi ni yai?"

Alikuwa amekasirika kweli, Saida. Kicheko kiliisha ghafla kama maji ya bomba. Nikamwambia nilijua ubeti ule ulimuumiza. Akanitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri.

"Ubeti ule ulikuwa mzuri," akasema. "Ndiyo maana niliukwaruza. Ungekuwa mbaya ningeuacha watu wausikie."

Kisha akauimba. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba, mimi mwanawe. Sauti imekauka, lakini njia zote anazijua, pa kupanda na pa kushuka. Na jina lako, Saida, alilivuta. Alilivuta mpaka nikaona nimesimama. Nikatoa simu nikurekodie, akanipiga kofi mkononi, simu ikaanguka chini ya kochi.

"Usinitie kwenye kopo. Akitaka kuitwa, aje aitwe." Halafu akavuta kanga. "Na nina ubeti wangu wa jibu. Niliutunga mwaka ule ule, nikaupanga, nikawa nangoja shughuli ya watu wengi. Mwenzangu akaugua, akafa. Maiti hajibiwi. Nimekaa nao kinywani mpaka meno yameng'oka, na ubeti upo. Mwambie mwanawe aje ausikie. Sitaki kufa nimeshindwa na Sihaba bao moja kwa bila."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, na amenifanya nimsomee kuhakikisha.

Shuaibu


Maskati, 6 Oktoba 2024

Kaka Shuaibu,

Shikamoo, na Bi Mkubwa shikamoo, maana najua anasikia.

Mara ya kwanza nilipoisoma nililia. Ya pili nikacheka, mume wangu akaja kutazama kama nina homa. Ya tatu nikakasirika, na hii ya tatu haijaondoka. Yaani kila Alhamisi amekishika kichwa changu magotini pake, ananipaka mafuta, ananisuka, na jibu la kumpa mama yangu analo mdomoni, hasemi! Analiweka! Nani aliyemwambia mimi nisingeweza kulisikia?

Nimepata likizo mwezi wa Novemba na tiketi ninayo. Mwambie nitakaa mkekani mbele yake aniite kama mama alivyoniita. Nitalia, aniache nilie, asinikatize. Nikimaliza, aimbe jibu lake lote, asipunguze ukali hata neno moja kwa kunihurumia.

Lakini asidhani ataimba peke yake akamaliza, na mama yangu akakosa mtu wa kumsemea.

Nimeanza kutunga.

Saida